Milimita Tatu za Ubavu wa Kulia

"Usiguse," alisema mwenye gari. "Pima kwa macho."

"Kwa macho sitapata milimita," alijibu fundi rangi, tepu ya kupimia ikiwa tayari mkononi.

Majirani walimwita mwenye gari Bwana Kufuli, na hawakumwonea. Geti lilikuwa na kufuli, banda lilikuwa na makufuli mawili, na hata kifuniko cha tangi la petroli kilikuwa na chake. Fundi alikuwa amefukuzwa getini mara mbili. Mara ya tatu alisema, kwa sauti ya kutosha majirani kusikia, kwamba basi atamwambia mteja wake gari la hapa si la asili, limepakwa rangi upya. Geti likafunguliwa.

Shida yake ilikuwa hii, alivyoeleza. Alikuwa anafufua gari la aina hiyohiyo, la miaka arobaini. Gereji ya kwanza ilipiga msasa bodi nzima, na mistari miwili myeusi ya ubavuni ikaenda na vumbi. Vipimo havikupatikana popote, na picha zilikuwa zinadanganya.

"Na huyu?" Bwana Kufuli alimnyooshea kidole msaidizi, mwanamume wa makamo aliyevaa ovaroli mpya, bado ina mikunjo ya dukani. "Ni bubu?"

"Kazi yake kushika ncha ya tepu."

"Ashike na adabu yake."

Fundi alianza ubavu wa kushoto. Alipima kutoka dirishani hadi mstarini, kisha upana wa mstari wenyewe, mbele, katikati na nyuma. Kila alipomaliza kipimo alifungua daftari dogo akaweka tiki.

"Fundi gani haandiki namba?" Bwana Kufuli aliuliza. "Au unasahihisha mtihani?"

"Ndivyo nilivyozoea."

"Umezoea uvivu."

Fundi akahamia upande wa kulia. Alipima, akapima tena, kisha akamwita msaidizi aangalie.

"Kushoto hamsini na mbili. Kulia hamsini na tano," alisema. "Na hapa mlango wa nyuma mstari unapanda kidogo, kama mkono uliteleza. Mistari hii mtu kaichora baadaye, mzee. Samahani, lakini gari lako si la asili."

Neno hilo lilimchoma. Bwana Kufuli alisogea hadi fundi akarudi nyuma na kugota ukutani.

"Sikiliza, wewe. Gari hili nimelinunua jipya. Hakuna aliyelimiliki kabla yangu. Mistari imetoka nalo kiwandani, na tangu siku hiyo haijaguswa na brashi ya mtu. Kama kiwanda kilikosea, nenda ukagombane nacho." Akamgeukia msaidizi. "Na wewe, bubu, umesikia?"

"Nimesikia," msaidizi alisema.

"Mteja wetu ni mbishi," fundi alisema kwa upole. "Maneno matupu hatayakubali. Ungetuandikia hayo, na sahihi yako chini."

"Leta kalamu."

Aliandika kwa hasira, herufi kubwakubwa, akatia sahihi na tarehe, kisha akawatupia karatasi. "Mpelekeeni. Na nisiwaone tena hapa."

Msaidizi aliisoma polepole, akaikunja, akafungua vifungo vya ovaroli ili kuitia mfukoni. Ndani alikuwa amevaa sare ya polisi.

Fundi alimkabidhi na daftari. Vipimo vyote vilikuwa humo, kila kimoja na tiki yake, kwa mwandiko wa marehemu baba yake, vilivyoandikwa miaka minne kabla gari halijaibwa: "Magari haya hutoka kiwandani bila mistari. Hii nimeichora mwenyewe. Kushoto 52. Kulia 55, binti yangu kanigusa kiwiko."