Njema, Ila

Viboko waliziba mto kule juu, na bwawa la vyura likaanza kukauka. Balozi wa Baraza la Mito alikuwa Mbayuwayu, ndege asiyejua kutulia. Vyura wakamchagua Chura mwenye adabu kuliko wote amsubiri balozi na kuwasemea. Akashinda ukingoni akirukaruka, akiirudiarudia hotuba yake.

Mbayuwayu akatua kwenye unyasi. "Habari za hapa?"

"Njema, Mheshimiwa, ila..."

Mbayuwayu alikwisharuka. Barazani akatangaza, "Nimefika bwawani mwenyewe. Wamesema njema." Viboko wakaachiwa mto, vyura wakabaki na adabu zao.

Aliporudi, bwawa lilikuwa tope tupu. Safari hii vyura walimsukuma mbele jirani yao Kaa, asiyejua kubembeleza mtu.

"Habari za hapa?"

"Mbaya. Viboko wameziba mto, tunakufa. Waambie wauzibue."

Mbayuwayu alikwishafungua mbawa. Akazikunja. "Mbona juzi mlisema njema?"

Kaa akamtazama Chura, aliyekuwa anajizamisha topeni kwa aibu.

"Huyu alikuwa anaitikia salamu," akasema Kaa. "Habari zenyewe ndizo hizi."