Tundu Moja Mchana Kutwa

“Bado tu, muzee?” Eugénie alipaza sauti. “Munataka nilale hapa?”

“Bado, mama. Hii chuma iko nguvu.”

Muzee Namegabe hakuinua kichwa. Alikuwa amebana kwenye jiliwa, lile koleo kubwa la mezani, mkono wa usukani, mzito kama paja la mbuzi, na ndani ya tundu lake alizungusha alezwari, kile chuma chembamba mfano wa karoti, chenye makali ubavuni, cha kupanulia tundu. Alezwari huzungushwa upande mmoja tu. Ukiirudisha nyuma, makali yanavunjika. Kwa hiyo alikwenda mbele, kidogo kidogo, akadondosha tone la mafuta, akaitoa, akafuta unga wa chuma kwa kitambaa. Kisha akapaka pini masizi, akaiingiza tunduni, akaichomoa, akatazama masizi yamefutika wapi. Akaanza tena.

Lori la shofere Constant, la kwenda Kalengera, lilisimama mbele ya karakana, boneti wazi. Constant mwenyewe alilala chini yake. Viatu tu ndivyo vilionekana.

Eugénie alikaa na valizi yake ya nguo juu ya kiti cha Namegabe. Kilikuwa kiti pekee. Muzee alimpa tangu asubuhi, akafanya kazi amesimama, na jua lilipohama alikisogeza kivulini.

Laurence, aliyechoma mahindi kando ya ukuta wa mawe meusi, alishindwa kujizuia.

“Mama Eugénie, kweli unaenda kwenu Kalengera?”

“Naenda. Bwana yangu anasema mbele ya benzake wa kazi, kule biro, kama bugali yangu inafaa kujengea nyumba. Basi abaki na nyumba yake!”

“Lakini ukipita mulango ya baba yako na valizi, haiko tena maneno ya watu wawili. Ni ya wazee. Mbuzi, pombe ya kasiksi, miezi na miezi. Na baba yako Muzee Barthélemy hakumupenda Edmond tangu zamani. Hatakurudisha.”

“Asinirudishe.”

Alisema hivyo akitazama barabara ya Himbi, ile ya kwenda ofisini kwa Edmond.

“Edmond anajua?”

“Sikumwambia hata neno. Niliaga jirani yetu Béata tu.”

Laurence akakohoa. Mtaa mzima wa Mabanga ulijua kwamba kumwambia Béata jambo ni sawa na kugonga kengele ya misa.

Kila alipopita mtu, sauti ya Eugénie ilipanda. “Muzee, mbio! Wazazi wananingoja!” Mtu akishapita, alinyamaza, akapanguza vumbi juu ya valizi.

Mchana lori jingine likapunguza mwendo. “Kalengera! Rutshuru! Mama, nafasi iko mbele, kwa shofere!”

Eugénie akalipima kwa macho. “Ile yako iko na vumbi sana.”

“Vumbi gani? Utakaa ndani, mama, na vioo!”

“Nilisha kumuahidi Constant.”

Lori likaenda zake. Eugénie akageuka kwa ukali. “Unaona, muzee? Watu wanafika, mimi niko hapa!”

Namegabe alichomoa pini, akaitazama pande zote. “Nafikiri sasa imekaa muzuri,” alisema taratibu.

Eugénie akainuka, akainamia masizi. “Hapa chini haijagusa.”

“Imegusa, mama.”

“Haijagusa vizuri. Barabara ya kule ni mitelemuko tupu. Unataka tufe?”

Akachukua kopo la mafuta, akadondosha tone mwenyewe. Muzee alimwangalia kidogo, akasugua bega, akashika tena alezwari.

Laurence aliwaletea hindi, akalivunja katikati: nusu ya muzee, nusu ya mgeni. Eugénie hakula lake. Jua lilikuwa limeelekea Sake, upande wa machweo, na alikuwa ameacha kupiga kelele. Alishika tu kishikio cha valizi, vidole vimekaza.

Ndipo Edmond alipotokea mbio, koti lake la abakosti la ofisini wazi kifuani, suruali imejaa vumbi jeusi hadi magotini. Akasimama. Akamwona Laurence, akamwona muzee, akaona viatu vya Constant vikijikunja na kichwa chake kikichomoza. Wapita njia nao wakasimama. Hapakuwa na mahali pa faragha.

“Mama,” alisema, akihema. “Leo midi, saa ya kula, nilipika bugali mimi mwenyewe.”

Alifuta jasho kwa kiganja.

“Imbwa ya jirani Munyakazi ilinusa, ikaenda.”

Laurence aliangusha hindi zima kwenye makaa. Edmond hakucheka.

“Nilikuzarau mbele ya watu. Ile neno naiondoa mbele ya watu. Usiende kwa baba. Ukiingia kule, sitakupata tena. Najua.”

Eugénie aliachia kishikio cha valizi. Akainama, akamfunga kamba ya kiatu iliyokuwa imelegea.

“Beba valizi,” alisema.

Akaibeba kichwani, na abakosti yake, kama mchukuzi wa soko, na mtaa mzima ukamwona. Eugénie alitembea kando yake, si nyuma, wala si mbele.

Walipopotea kwenye kona, Constant alijinyoosha, akafunga boneti, akapanda. Injini ikawaka mara moja. Akakata usukani kulia, akakata kushoto, lori likapita vizuri kati ya mawe mawili ya mlangoni, likasimama kando ya jiliwa, ambamo mkono wa usukani ulikuwa bado umebanwa.

“Na hii chuma, muzee?”

“Irudishe kule kwa vyuma vizee vya kutupa, pale Mama Eugénie aliichagua asubuhi,” alisema Namegabe, akikaa kitini mwishowe. “Na umwambie, siku ingine achague ya laini. Mabega yananiuma.”