Namba Nzima

Kapteni Kamis aliingia darasani ana bastola mkono huu na chaki mkono ule, na chaki ndiyo iliyomtetemesha.

Ilikuwa Aprili 1979. Mizinga ilinguruma upande wa Entebbe, na wanajeshi, mashujaa wa kuchapa raia fimbo barabarani, sasa walikuwa wakikimbilia kwao, ng'ambo ya daraja la Pakwach. Shule ile ya Old Kampala ilikuwa tupu. Alibaki mwalimu mmoja tu, mwanamke wa hesabu, kwa sababu siku hizo gari lisilo na mwanajeshi halikutoka mjini.

Kapteni hakumwuliza jina wala kwao. Kwake raia wote walikuwa "wewe".

"Wewe mwalimu! Mimi nakwenda Pakwach. Kama navuka daraja ya Pakwach, mimi mzima. Lakini kabla ya daraja, gari hapana simama, hata kukojoa!"

Alikuwa na sababu. Miaka miwili nyuma aliongoza lori lililowazoa wanaume wa Kilango na Kiacholi vitandani mwao, na njia yenyewe ilipita katikati ya vijiji vyao. Watu wale walimjua hata kisogo.

Tangi la Benzi lake la kunyang'anya lilikuwa kavu. Alikuwa na jerikani tatu za petroli, kila moja lita ishirini. Nje alingoja Sajini Abdu, tayari kumpa redio kubwa ya mbao kwa jerikani moja. Je, mbili zingemfikisha? Mwenye akili angezimimina zote tatu akamshukuru Mungu. Kapteni aliitaka redio.

"Ni kilomita ngapi, afande?"

"Mia tatu themanini na nne."

"Na gari linakunywa kiasi gani?"

"Dereva alisema lita kumi na nne kwa kilomita mia, kabla ya yeye kukimbia. Lakini mimi hapana taka hii nne-nne! Fanya namba nzima."

Mwalimu akamfundisha kukadiria, kwa sauti ileile ya kufundishia watoto. Tazama tarakimu ya pili. Ikiwa tano au zaidi, ya kwanza inapanda. Ikiwa chini ya tano, ya kwanza inabaki ilivyo. Zinazofuata zote zinakuwa sifuri.

Kapteni aliandika mwenyewe, ulimi nje. Mia tatu themanini na nne ikawa mia nne. Akacheka: amepewa kilomita kumi na sita za bure! Kumi na nne ikawa kumi. Lita kumi kwa kila mia, mara nne: lita arobaini. Jerikani mbili kamili.

Mtoto wa darasa la tano angeuliza zile lita nne za kila mia zimekwenda wapi. Kapteni hakuuliza. Nyota zake alizipata kwa kumshikia mkubwa mwavuli. Vichwa maji wa namna hii ndio waliotutawala miaka minane, na mpaka leo nikikumbuka natema mate.

"Kumbe hesabu ni rahisi!" akasema. "Walimu nasumbua watu bure." Kisha akaikunja sura. "Wewe napanda gari na mimi. Petroli ikiisha njiani, risasi ya kwanza yako."

Mwalimu aliomba aachwe, mara moja tu. Kisha akachukua mkoba wake.

Walipita Bombo, wakapita Luwero, wakavuka Nile pale Karuma, redio ikigongagonga kiti cha nyuma na kapteni akiimba. Mbele kidogo ya Karuma, katikati ya vijiji vile vya Kilango na Kiacholi, injini ilikohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza. Jua lilikuwa bado juu. Watu waliokuwa wakilima kando ya barabara walisimama, wakalitazama Benzi, wakaanza kusogea na majembe yao.

Kapteni alimgeukia mwalimu na bastola, lakini mikono ilikuwa imeshapita dirishani na kumkamata kiwiko. Mzee mmoja akainama, akachungulia ndani.

"Alum, mwanangu!"

Mwalimu alishuka, akapiga magoti kumsalimu.

"Baba," akasema, "leo nimekuja na mgeni."