Waranti ya Jogoo wa Joab

Jogoo alipotupwa mezani, jicho lake moja la kioo liliruka likabingirika hadi chini ya benchi. Manyoya yakafuata. Kisha, kutoka kwenye tundu la jicho, wakachomoza funza wadogo wenye nywele, mmoja mmoja, bila haraka.

“Fundi, waranti yako ndiyo hii?” Amondi aliuliza.

Bosire aliinama kuokota jicho. Alikuwa fundi wa kukausha ndege na wanyama, kazi aliyoifanya miaka ishirini na miwili kwenye jumba la makumbusho kabla ya kustaafu na kufungua karakana hapa Mogogosiek, nyuma ya duka la kinyozi. Shule zilimletea bundi na nyoka wa kufundishia. Mameneja wa mashamba ya chai walimletea mbwa wao waliokufa. Juu ya mlango alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: KAZI YANGU IKILIWA NA WADUDU, NARUDIA BURE. MIAKA KUMI.

Wenzake walimcheka. Kepher wa Litein, ambaye tuseme ukweli alikuwa na mkono mzuri kuliko wake, aliwaambia wateja waziwazi kwamba hakuna fundi mwenye akili timamu anayetoa waranti ya wadudu. Ikiwa nondo wanakula blanketi ndani ya nyumba yenye watu, ngozi ya jogoo itawashinda vipi? Hapo ndipo Bosire alipozidi kuvimba kichwa. Yeye alikuwa na aseniki, ule unga mweupe wa kizamani ambao mafundi wengine walikuwa wameuacha kwa woga. Mdudu akionja ngozi iliyopakwa unga huo, haonji kitu kingine tena.

Kwa sababu ya unga huo, Amondi alimpita Kepher, jirani yake kabisa, akaja kwake miezi minane iliyopita na jogoo ndani ya mfuko. Mumewe, Joab, mekanika mstaafu wa kiwanda cha chai, alikuwa ameingia na jogoo huyo kwenye boma lake jipya asubuhi ya kwanza, kama Wajaluo wafanyavyo. Jogoo huyo alikuwa amekufa kwa uzee na Joab alikuwa hataki kusikia habari ya kumzika wala kumla.

“Amemlilia siku tatu,” Amondi alisema siku ile, akicheka kidogo. “Mama yangu alipokufa hakutoa hata chozi.”

Kisha akauliza kama dawa ilikuwa kali kweli.

“Mama Celine, ng’ombe akilamba huyu jogoo, hafiki jioni,” Bosire alijigamba. “Mtamuweka ndani ya kioo. Kushika ni kwa glovu.”

“Kioo mzee hatakubali. Asubuhi lazima amshike, ambusu, ndio akunywe chai. Lakini nitamwambia hiyo maneno ya glovu.” Akafikiri kidogo. “Na nitamuweka chumbani kwetu, juu ya kabati. Nina wajukuu. Sitaki mtoto aguse.”

Bosire alimsifu moyoni. Wateja wengi hawasikilizi maagizo, lakini huyu aliuliza hata mara ya pili, akiwa tayari mlangoni, kama ni dawa hiyo hiyo itakayotumika.

Sasa alikuwa amesimama mbele yake na jogoo aliyeliwa hadi kwenye waya wa ndani.

“Jumapili nitasimama na hii kitu nje ya kanisa,” Amondi alisema. “Kila mtu aone waranti ya Bosire.”

Kusema uongo kulikuwa rahisi. Angeweza kulaumu unyevu, maana huku kwenye chai mvua hainyeshi kwa ratiba, na hata viatu huota ukungu. Angeweza kusema wadudu walitoka kwenye kabati lao. Jina lake lingepona. Lakini Bosire alikuwa mzee wa kanisa, na siri ya jogoo huyo ilikuwa imemsumbua miezi yote minane.

“Mama Celine, kosa ni langu. Sikuweka aseniki.”

Amondi alimkodolea macho.

“Niliweka boraksi, ile ya kufulia, na naftalini kidogo ya kufukuza nondo. Ulipoenda nilishika mkebe wa dawa nikafikiria mzee wa watu akibusu huyu ndege kila siku. Mtu wa miaka yake atakumbuka glovu kweli? Roho ilikataa. Nilijua wadudu watakuja, na waranti yangu itaaibika. Nikasema wacha iaibike. Nisamehe.”

Amondi aliketi polepole kwenye stuli. Alijifunika uso kwa leso, na mabega yakaanza kutikisika. Alilia kwa uchungu, kama mtu aliyebeba mzigo safari ndefu akaambiwa amekosea njia.

Machozi yalimlenga Bosire naye. Katika miaka yake yote ya kazi hakuna mteja aliyewahi kumlilia hivi. Alimletea maji kwenye kikombe, akangoja anywe.

“Na mzee anaendeleaje?” aliuliza kwa upole.

Amondi alipangusa macho, akapenga kamasi, akamsukumia jogoo upande wake wa meza.

“Rudia kazi,” alisema. “Na uweke ile dawa tulipatana. Miezi nane nimengoja huyo mtu akibusu hii kuku kila asubuhi, na jana amemaliza sahani mbili za ugali akaitisha ya tatu.”