Vitobo vya Kofia

Daktari alipoibandika picha ya kifua dirishani, Mzee Mbaruku hakuitazama. Alishachoka na mabenchi ya hospitali.

"Mimi nimekuja kwa ajili ya mkono, daktari. Haushiki sindano. Kifua hakinisumbui."

"Najua, mzee wangu. Lakini kuna uvimbe hapa juu ya pafu, nao unabana mishipa ya fahamu inayokwenda mkononi. Ganzi ilianza lini?"

Tarehe hakuijua. Alitoa mfukoni kofia aliyokuwa akiidarizi tangu mwaka jana, akaizungusha polepole kwenye mwanga. Vitobo vilikwenda sawasawa, mstari baada ya mstari, mpaka mahali vilipoanza kuyumba. Pale alikuwa amelaumu sindano, kisha akalaumu miwani.

"Hapa," alisema. "Kofia hii ni ya harusi ya mjukuu wangu. Hapa ilikuwa siku chache kabla ya mfungo."

Daktari aliipokea kofia, akahesabu miezi kimoyomoyo. Kidole chake kilivifuata vile vitobo vilivyoyumba hadi vilipokoma.

"Na harusi ni lini?" aliuliza, kidole kimetulia kwenye kitambaa cheupe ambacho bado hakijatobolewa.