Kakakuona Aitikia Hodi

Hebu mfikirieni, wanangu, Kakakuona mzee, mtengeneza filamu za kuchekesha, anayeogopa hata kivuli chake. Alizoea kujiigiza mwenyewe: anapiga hodi nyumbani kwake, akichelea kumkuta mtu ndani, kisha anajikunja kama mpira. Sasa mgongo umekakamaa, haukunjiki.

Akamwita Nguchiro, mpambana na nyoka. "Safari hii utakuwa mimi."

"Mzee, mimi hata chatu simpigii hodi."

"Basi jifunze kutetemeka. Wasipocheka, nitasahaulika."

Siku ya kuonyesha filamu, wanyama walijaa mbele ya shuka jeupe. Kakakuona alikaa nyuma kabisa, tayari kukimbia. Kwenye shuka, Nguchiro akasimama mlangoni, magoti yakigongana.

"Hodi," akasema kwa sauti nyembamba. "Hodi humu ndani? Kama hakuna mtu, semeni."

"Karibu, mwanangu, usiogope," Kakakuona akaitikia kwa nguvu kutoka kule nyuma.

Wote wakageuka, wakaangua kicheko. "Mzee umejikaribisha mwenyewe," Fisi akamtania. Kakakuona akacheka mpaka machozi, wala hakukimbia.

Naomba mkumbuke jambo moja tu, wanangu: maneno ya upole tunayompa mwenzetu mwenye hofu, nasi tujipe.