Chupa Mbili Dirishani

Homugadi mmoja, askari mwenyeji wa serikali ya mkoloni, aligusa chupa mbili zilizoanikwa kwenye dirisha la darasa, akashtuka. Ya pili ilikuwa na joto zaidi.

"Mwalimu, hii ni bomu?"

"Ni hewa tu, bwana," Ndambiri alijibu mbele ya wanafunzi wake, jasho likimtoka. "Ile ni hewa ya kawaida. Hii ni ile inayotoka kwenye moshi. Jua ni lile lile, lakini hii hushika joto, hailiachii lipae."

Homugadi akacheka. "Basi leo mtaota moto. Tunachoma nyumba zote za kile kilima cha ng'ambo, watu wahamie kijiji cha serikali."

Ndambiri akatazama nje. Moshi mzito ulikuwa umefunika kilima alikomwacha mama yake kitandani, hawezi kutembea.

Akaangusha chaki, akampita homugadi, akatoka mlangoni, akakimbia.

"Simama, mwalimu! Simama au nipige risasi!"

Hakusimama.